Bangili za Shaba Upande wa Kamanga

Kaka yangu alinunua ile mashine mwaka aliofiwa na mkewe. Alikuwa amestaafu ufundi umeme, watoto wake wote wameshakwenda kuishi mbali, na nyumba yake ya Buswelu ilikuwa imebaki na mlio wa friji tu. Mimi ndiye ninayemfuata kuzaliwa. Nashona sare za shule, na Jumapili ndiyo siku pekee ambayo miguu yangu haikanyagi cherehani. Jumapili hizo ndizo alizokuja kuniomba.

"Njoo unishikie jembe tu," aliniambia. "Mashine nitaibeba mwenyewe."

Nilitaka kukataa. Mgongo ulikuwa unaniuma, na nguo za kufua nilikuwa nimeziloweka tangu jana yake. Lakini nilimtazama usoni nikaona amenyoa ndevu. Tangu msiba hakuwa amezigusa. Nikachukua jembe.

Wachimbaji wadogo wa dhahabu huiita ditekta. Ni fimbo yenye sahani pana chini na kisanduku karibu na kiwiko. Unaipitisha sahani juu ya ardhi polepole, kushoto na kulia, kama mtu anayefyeka majani bila kuyakata. Masikioni unavaa spika, na chini kukiwa na chuma unasikia mlio. Kaka aliipata kwa rafiki yake aliyewahi kuhangaika nayo machimboni Geita mpaka kiuno kikamshinda. Alimwambia wazi kwamba haijawahi kumpa chochote cha maana. Kaka akainunua hivyo hivyo.

Shida ya mashine ile ni kwamba haichagui. Inalia kwa dhahabu, inalia kwa kizibo cha soda, inalia kwa msumari, kwa kipande cha bati, kwa kopo la samaki lililoliwa kabla hatujazaliwa. Ufukweni Ilemela, kati ya yale mawe makubwa, tulikuwa tunachimbua risasi za nyavu, zile wavuvi wanazofunga ili wavu uzame. Risasi inalia sawasawa na dhahabu, kwa mlio laini na wa chini, na kila mara kaka alikuwa anapiga magoti kwa matumaini yale yale. Mimi nilikuwa nachimba. Jembe la mpini mfupi, jua la Mwanza mgongoni, na mawe ambayo saa nne tu ya asubuhi yameshapata moto kama kikaango. Jioni nilikuwa narudi nyumbani nimechoka kuliko siku za kazi, na kesho yake watoto wa watu wanasubiri sketi.

Mume wangu aliniuliza mara moja, "Hivi mnatafuta nini hasa?"

Nilimwambia sijui. Ulikuwa ukweli.

Dhahabu tuliipata mara moja tu. Ilikuwa upande wa Sengerema, kwenye kijito kilichokauka, baada ya mvua kubwa kufukua kokoto. Mwenye shamba alituruhusu kwa sharti kwamba tukipata kitu tumwonyeshe. Mashine ikalia, nikachimba, kaka akapepeta udongo kwenye karai la maji, na mwishoni pakabaki punje moja ya njano, ndogo kama punje ya mtama. Tulimpelekea mwenye shamba kama tulivyoahidi. Aliiweka kwenye kidole, akaisogeza karibu na jicho, akacheka mpaka akakohoa.

"Hii hata kuku akiimeza hanenepi," akasema, akaturudishia.

Kaka naye alicheka. Halafu tukiwa tunarudi njiani akasema, "Wifi yako angekuwepo angenicheka wiki nzima."

Kilichomfurahisha zaidi zilikuwa sarafu. Alipata senti kumi za Mwingereza zenye tundu katikati, na siku moja, chini ya jiwe hapo Ilemela, akapata hela ya Mjerumani, ya shaba, imeliwa na kutu mpaka taji lake limebaki kivuli. Aliisugua kwa kidole gumba siku nzima.

"Watu wote wanasema hela, hela," aliniambia. "Hii ndiyo hela yenyewe. Jina limebaki, yenyewe hakuna anayeijua."

Lakini sarafu hizo ndizo zilizotuletea macho ya watu. Kwetu huku, ukionekana na mashine kama ile, watu hawafikirii vizibo vya soda. Wanafikiria rupia za Mjerumani, masanduku aliyoyafukia akikimbia vita, mawe yenye alama, ramani. Walikuwa wanatufuata kwa mbali, vijana kwa watu wazima, wanachuchumaa kwenye kivuli na kutazama. Tukiondoka wanakuja kuchimba pale pale tulipochimba. Kaka alikuwa anawaita, anawafungulia mfuko wa vizibo, anawaambia, "Tazameni wenyewe." Walitazama, wakatikisa vichwa. Nilikuwa naona machoni mwao kwamba hawaamini. Mtu mzima hawezi kutembea juani siku nzima kwa ajili ya vizibo, hata mimi nisingeamini.

Mjukuu wa bibi mmoja wa ng'ambo tulikutana naye kwenye feri ya Kamanga. Alikuwa mtu wa makamo kidogo, fundi pikipiki, mwenye adabu. Alimwamkia kaka, akaniamkia na mimi, akauliza kilichomo kwenye mfuko mrefu. Kaka akamweleza. Feri ilipofika katikati ya maji, yule bwana akasema:

"Mzee, hiyo mashine inaweza kuona shaba?"

"Shaba inaiona vizuri sana. Kwa nini?"

"Bibi yangu anatafuta kaburi la mama yake."

Akatusimulia. Bibi yake alifiwa na mama akiwa msichana mdogo. Mama yule alikuwa anavaa bangili nyingi za shaba mikono yote miwili, na ugonjwa uliomuua ulimvimbisha mikono, zikagoma kutoka, wakamzika nazo. Baadaye familia ikahamishwa pamoja na watu wote wa pale kwenda kukaa kwenye kijiji kipya. Waliporudi, miaka mingi imepita. Mti waliouwekea alama umekatwa, mawe ya kaburi yamechukuliwa na watu kujengea msingi. Sasa mjukuu alitaka kujenga nyumba kwenye uwanja ule, na bibi akakataa katakata fundi asiguse ardhi kabla hajajua mama yake amelala wapi.

"Tumegombana mpaka mke wangu amechoka," akasema. "Kila nikichora mahali pa nyumba, anakuja kusimama katikati."

Kaka alinitazama. Nilijua anachotaka kuniuliza, na nilijua nitajibu nini, ingawa siku ile miguu yangu ilikuwa imevimba na nilikuwa nimejiahidi kurudi mapema.

Bibi tulimkuta amekaa kwenye kigoda mlangoni anachambua maharage. Mwembamba, mweusi wa kung'aa, macho makali. Tulimpa shikamoo, akaitikia marahaba bila kuacha kuchambua. Mjukuu alipomweleza tulichokuja kufanya, aliitazama mashine kama anavyotazamwa mkwe asiyetakiwa.

"Hicho ndicho kitamwona mama yangu?"

"Kitaona bangili, mama, kama zipo," kaka akasema. "Mtu hakimwoni."

"Afadhali. Maana waganga wanakuja na vioo vyao, na ng'ombe wangu wanaondoka nao." Akasimama, akashika fimbo yake. "Kaburi lilikuwa upande ule, jua linapozama. Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka jua lilinipiga usoni wakati wanafukia."

Tulikwenda upande ule. Kaka alifunga kamba akagawa uwanja kwa mistari, akaanza kupita. Mashine ililia na kulia. Nilichimbua makopo, vipande vya sufuria, jembe lililovunjika, waya, betri za redio zilizooza. Bibi alitembea nyuma yetu hatua kwa hatua, na kila nilichokitoa alikitaka akione. Jembe lililovunjika alilitambua. "La baba yangu mdogo hili," akasema, akaliweka kando. Majirani walianza kukusanyika kwenye mpaka wa shamba. Jua lilikuwa kali, na sikuwa nimekula. Nilimwambia kaka tupumzike. Akasema mstari mmoja tu.

Kwenye mstari ule alisimama. Akarudi nyuma, akapita tena, akavua spika akanivisha mimi. Sauti ilikuwa nene na ndefu, haikuwa kama ya kizibo. Hatua fupi pembeni yake kulikuwa na nyingine kama hiyo. Pale ardhi ilikuwa na mteremko, na mvua za miaka yote hiyo zilikuwa zimeula udongo wa juu.

"Sipendi kuchimba hapa," kaka akamwambia bibi kwa sauti ya chini. "Tuweke alama tu, iishie hapo."

"Kama ni sufuria je?" bibi akamuuliza. "Nilie juu ya sufuria?"

Kwa hiyo tukachimba, mimi na kaka, kwa mikono. Jembe tuliliweka mbali. Udongo ulikuwa mgumu juu, halafu ukawa laini. Kidole changu ndicho kilichogusa kwanza. Nikafuta vumbi, ikatokea rangi ya kijani, ile kijani ya shaba iliyokaa ardhini, duara moja imelala juu ya nyingine. Bibi alipiga magoti, mjukuu akamshika kiuno asianguke. Aliiweka ncha ya kidole juu ya ile kijani, akakaa hivyo. Hakulia. Midomo yake ilikuwa inacheza.

"Funika," akasema.

Tukafunika. Mjukuu akaleta mawe tukazungusha. Mmoja wa majirani, mwanamume aliyekuwa amesimama karibu kuliko wengine, akauliza, "Ni rupia?"

"Ni kaburi," mjukuu akamjibu.

"Kaburi la Mjerumani?"

"La mama yake bibi! Nendeni makwenu."

Wakaenda, lakini taratibu, wakigeuka nyuma. Kwenye feri ya kurudi kaka alikuwa mchangamfu kuliko nilivyomwona tangu msiba. Aliongea njia nzima, akapanga turudi Jumapili ijayo na saruji tumsaidie mjukuu kulijengea. Nilimsikiliza nikiwa nimefumba macho. Nilikuwa na furaha pia, lakini uchovu ulikuwa mkubwa kuliko furaha, na nilitaka kitanda tu.

Jumapili haikufika. Simu iliita katikati ya wiki, asubuhi, nikiwa nakata vitambaa. Alikuwa kaka. "Wamechimba," akasema. Sikumuuliza akina nani. Nilifunga kibanda, mteja akiwa bado amesimama mlangoni, nikaenda.

Mawe tuliyoyazungusha yalikuwa yametupwa huku na huko. Shimo lilikuwa pana na refu, la watu waliofanya kazi kwa haraka na kwa nguvu, na udongo ulikuwa umerushwa pande zote, na ndani ya udongo mlikuwa na mifupa. Ilikuwa myepesi, ya kahawia, imekatikakatika, mtu angeweza kudhani ni mizizi mikavu. Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda chake pembeni ya shimo, amegeuzia uso upande wa nyumba za majirani, anawatukana kwa Kisukuma, jina baada ya jina, bila kupandisha sauti. Mjukuu alisema bibi alianza tangu kulipopambazuka.

Kaka alisimama kwenye ukingo wa shimo na mfuko wake begani. Mabega yalikuwa yameshuka.

"Mama," akasema, "kama nisingekuja na hiki kidude..."

"Kama usingekuja wangechimba choo juu yake." Bibi alimwonyesha mjukuu wake kwa fimbo. "Huyu. Choo alikuwa amekichora hapo hapo. Mwulize."

Mjukuu akainamisha kichwa. Ilikuwa kweli.

"Sasa usinisimamie kama mlingoti," bibi akaendelea. "Kitoe hicho chombo chako. Wale wamefanya kazi gizani, hawakuona vizuri. Bangili zilikuwa za mikono miwili."

Kaka akaitoa mashine. Sijawahi kumwona akifanya kazi polepole vile. Alipita juu ya udongo uliotupwa kama mtu anayepaka mafuta kidonda. Mimi na mke wa mjukuu tulikuwa tunafuata kwa chekeche, lile la kuchekechea unga, tunachota udongo kwa mikono, tunatikisa, tunaangalia. Mifupa tuliiweka kwenye kanga mpya aliyotoa bibi. Mke wa mjukuu alikuwa mjamzito, na kila baada ya muda alikuwa anasimama kunyoosha kiuno, nikamwambia apumzike, akakataa. Tulifanya hivyo mpaka jua likapita utosini. Kuna wakati nilipata jino. Lilikuwa zima, jeupe bado, jino la mwanamke aliyekufa kijana kuliko mimi nilivyo sasa. Ndipo machozi yalinitoka. Sikulia kwa sauti, yalitiririka tu na mikono yangu imejaa udongo, sikuweza hata kuyafuta. Bibi aliniona. Hakuniambia nyamaza. Alininyooshea kiganja, nikaliweka jino juu yake, akalifunga mkononi na kukaa nalo hadi tulipomaliza.

Bangili nyingi zilikuwa zimechukuliwa. Tulipata chache, nyingine zimevunjika. Kaka alikuwa anazisafisha moja moja kwa kitambaa chake cha mfukoni na kumpa bibi, na bibi alikuwa anazipanga pajani.

Mwenyekiti wa kitongoji alikuja, akauliza maswali, akasema atatangaza kwamba aliyechukua arudishe. Alitangaza kweli. Hakuna aliyerudisha. Mimi huwa nafikiria mtu yule, yeyote yule, siku alipokwenda kuuliza na kuambiwa kwamba si dhahabu wala rupia, ni waya wa shaba uliokunjwa. Sijui alizitupa wapi.

Tulimzika mchana ule ule. Mjukuu na vijana wawili wa ukoo walichimba upya, mahali pa juu zaidi ambapo maji hayapiti, wakaenda chini sana. Mama yule hakuwahi kubatizwa, lakini bibi aliita katekista, kwa sababu yeye mwenyewe ni wa kanisa na hakutaka mtu aende kimya kimya mara ya pili. Katekista akasali kwa kifupi. Mimi na kaka ni Waislamu, tulisimama pembeni kwa heshima, kaka amevua viatu, sijui kwa nini. Ikafungwa kanga, ikashushwa. Bibi aliulizwa kama bangili anataka kubaki nazo za ukumbusho. Alifikiri kidogo.

"Ni zake," akasema. "Mimi mikono yangu imekauka, zitanidondoka."

Zikaingia nazo. Kisha akasema saruji iwekwe nene, nene kabisa, na kokoto ndani. "Wakitaka kurudi, wachoke."

Baada ya hapo tulikula ugali na sato, wote, kwenye mkeka mmoja. Bibi alikula sana, kwa vidole vya haraka, kama mtu aliyetoka shambani. Alipomaliza alinawa, akajilaza pale pale ubavuni kwangu na usingizi ukamchukua mara moja, mdomo wazi. Hatukumwamsha kuaga.

Kivukoni feri ilikuwa imechelewa. Tulikaa kwenye magunia ya mtu, mfuko wa mashine katikati yetu, kucha zetu bado zina udongo. Watu walipita, wauza karanga, mtu na mbuzi wake. Mmoja alimuuliza kaka kilichomo kwenye mfuko. Kaka akasema, "Mwavuli."

Halafu akaniambia, bila kunitazama, "Mdogo wangu, nimechoka."

Katika msiba wote wa mkewe, kuanzia hospitali mpaka arobaini, hakuwa amelisema neno hilo. Alikuwa anawaambia watu yuko salama, anashukuru. Nilimwambia mimi pia nimechoka. Feri ilipofika tulisaidiana kusimama.

Mashine hakuiacha. Watu waliosikia habari hii walidhani ataiuza, na mimi, niseme ukweli, nilitamani aiuze nipate Jumapili zangu. Alikaa bila kuigusa mpaka mvua za vuli zikaisha. Kisha akaanza tena, Ilemela tu, kwenye mchanga wanapoogelea watu, mahali ambapo anatafuta pete na funguo za wenyewe na kuzirudisha. Siku nyingine naenda naye, siku nyingine nalala. Akiitwa kwenye shamba la mtu anasema betri zimekufa.

Mjukuu hupiga simu mara moja moja. Mtoto alizaliwa, wa kike. Nyumba imepauliwa, choo kimekwenda upande wa pili kabisa wa uwanja. Mwezi uliopita aliniambia jambo lililomsumbua, akaomba niongee na bibi yake kama mwanamke kwa mwanamke. Bibi, alisema, anakata viazi vitamu na kuvianika juu ya kaburi, kila siku, michembe imejaa tele, kwa sababu ndilo sakafu pekee nzuri ya saruji hapo nyumbani. Majirani wanaona vibaya.

Nilimwomba ampe simu. Nikampa bibi shikamoo, nikamuuliza kwa upole kama si vizuri zaidi kutafuta mkeka.

"Mkeka kuku wanaupanda," akasema. "Hapa nikikaa karibu hawaji. Na mimi nakaa hapa kutwa. Wewe ulitaka nikae wapi?"

Akaniuliza kama mgongo bado unaniuma. Nikamwambia unauma.

"Basi lala," akasema, akamrudishia mjukuu simu.